Lakini Mwandishi Anadai Nini?

Mvulana alisoma makala nzima bila kukwama popote. Alitua penye nukta, akapandisha sauti penye alama ya kuuliza, na neno gumu lililokuwa kwenye aya ya pili alilitamka vizuri kuniliko. Makala yenyewe ilikuwa fupi, ukurasa mmoja na nusu, kuhusu simu darasani. Alipomaliza nikamuuliza swali ambalo kwangu lilikuwa la kupasha misuli tu.

"Mwandishi anasema nini?"

"Anazungumzia simu, mwalimu."

"Anasema nini kuhusu simu?"

Akafikiri. "Anasema simu zina faida na hasara."

Vichwa vikaitikia darasa zima. Hakuna aliyenyoosha mkono kupinga.

Ila makala ile haikusema hivyo. Mwandishi alianza kwa kukubali kwamba simu humsaidia mwanafunzi anayeitumia vizuri. Halafu akasema kwamba simu ya mtu mmoja haimhusu yeye peke yake, maana mwanga wa kioo chake huvuta macho ya aliyekaa jirani. Faida ni ya mwenye simu, gharama analipa jirani. Na kwa kuwa jirani hakuulizwa, simu zibaki nje ya darasa, hata za wale wanaozitumia vizuri.

Unaweza kulikataa dai hilo kwa nguvu zako zote. Huwezi kuliita "faida na hasara".

Jibu lile lilinikaa kichwani wiki kadhaa. Lingekuwa jibu la mtoro ningelisahau kabla ya kengele. Hili lilikuwa la msomaji makini. Baadaye nilimuuliza aya moja moja, na kila aya aliieleza sawasawa kwa maneno yake. Kilichompita hakikuwa ndani ya sentensi yoyote. Kilikuwa kati ya sentensi moja na nyingine.

## Kwanza, pili, tatu

Umbo la insha ya shuleni sina haja ya kulieleza; wengi wetu tunaweza kuliandika usingizini. Ukiagizwa ujadili, unasaka faida tatu na hasara tatu, unazipanga, kisha unafunga kwa kusema jambo hili lina pande mbili.

Sitaki kulibeza. Mwanafunzi asiyejua aanzie wapi hupata pa kuanzia, na karatasi tupu inatisha kuliko umbo bovu. Lakini umbo hilo linamzoesha mwandishi, na baadaye msomaji, kuamini kwamba pointi zote ni sawa, kila moja inajitegemea, na kazi ya akili ni kuzihesabu.

Jaribu hivi. Chukua insha yoyote ya aina hiyo, ile aya ya "pili" uifanye ya "tatu". Hakuna kitakachoharibika. Sasa jaribu kwenye makala ya simu: mtangulize jirani ambaye hakuulizwa, halafu ndipo ulete mwanga wa kioo. Msomaji atakuuliza, jirani gani, na angeulizwa nini?

Mwaka 1950 mwanafalsafa wa Marekani, Monroe Beardsley, alionyesha njia rahisi ya kuchora hoja. Ipe kila sentensi namba, kisha chora mshale kutoka kwenye sababu kwenda kwenye kile inachokitetea. Ukichora namna hiyo unagundua kwamba hoja hazina sura moja. Zipo ambazo sababu kadhaa zinaelekea dai moja, kila moja kwa njia yake. Ukiondoa moja, zilizobaki bado zimesimama. Na zipo ambazo sababu ya kwanza inaitetea ya pili, na ya pili ndiyo inayolitetea dai; ukiivunja ya kwanza, yote imekwisha.

Niliwapa kazi ya kuchora insha zao wenyewe. Mishale yote ilitoka pembeni ikaja katikati, insha baada ya insha.

Hapakuwa na mshale hata mmoja uliotoka kwenye pointi kwenda kwenye pointi nyingine.

Hapo ndipo jibu la "faida na hasara" lilipoanza kunieleweka. Mtu ambaye hajawahi kuandika sababu inayoegemea sababu nyingine, ataitambuaje akikutana nayo kwenye kazi ya mwingine? Tulikuwa tumewafundisha kuandika kwanza, na uandishi ule ukawafundisha kusoma.

## Kisichoandikwa

Mishale nayo ina mpaka wake. Inaonyesha kwamba sentensi hii inaitetea ile, haionyeshi kwa nini inaweza kuitetea.

Kwa hilo namtumia Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza, ambaye mwaka 1958 alichapisha uchambuzi ambao walimu wa uandishi wanautumia mpaka leo, mara nyingi bila kumtaja. Mfano wake mashuhuri unamhusu mtu anayeitwa Harry. Ushahidi: Harry alizaliwa Bermuda, kisiwa kilicho chini ya Uingereza. Dai: Harry ni raia wa Uingereza. Wanafunzi wangu wengi wangeweka kalamu chini hapo. Toulmin anauliza: umevukaje kutoka huku kwenda kule? Umevuka kwa kanuni kwamba mtu aliyezaliwa Bermuda, kwa kawaida, huwa raia wa Uingereza. Kanuni hiyo ndiyo daraja. Chini yake kuna sheria zinazoibeba. Lile "kwa kawaida" linapima uzito ambao daraja linaweza kuhimili. Na kuna "isipokuwa": isipokuwa wazazi wake wote wawili walikuwa wageni, au Harry mwenyewe amekwisha kuchukua uraia wa Marekani.

Ninaloipendea picha hii ni kwamba "isipokuwa" imo ndani ya hoja yenyewe. Haikuja kama aya ya mwisho ya kuwatuliza wapinzani.

Lakini kuna jambo lililonisumbua. Kama daraja ni muhimu hivyo, mbona waandishi wazuri karibu hawaliandiki? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kulijibu hilo katika karne ya 4 kabla ya Kristo: hatua ambayo hadhira inaijua, msemaji anaiacha, na hadhira inaijaza yenyewe. Kwa msemaji huo ni ushauri mzuri. Kwa mwalimu ni balaa, maana ina maana kwamba msomaji anayekubaliana na mwandishi hulivuka daraja bila kujua kwamba alikuwa juu ya maji.

Kwa hiyo nilirudi darasani na makala ileile. Nikaandika ubaoni ushahidi upande mmoja, "mwanga wa simu humsumbua jirani", na dai upande wa pili, "simu zote zibaki nje". Katikati nikaacha pengo. Ilichukua muda. Hatimaye msichana mmoja akasema: "Mtu haruhusiwi kufanya kitu kinachomsumbua mwenzake bila idhini yake."

Nikaliandika. Nikauliza kama kuna asiyelikubali. Kimya.

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, hata anayekohoa anatusumbua. Naye atolewe nje?"

Darasa likaangua kicheko. Aliyesema alidhani anatania, na alikuwa ametoa hoja kali kuliko zote za siku ile. Hakugusa ushahidi wala hakugusa dai. Alilipiga daraja, na daraja likayumba. Nikawanyamazisha, nikamwomba arudie. Safari hii hawakucheka. Mmoja akajibu kwamba kikohozi hakiepukiki. Basi, tukarekebisha: mtu haruhusiwi kumsumbua mwenzake kwa jambo analoweza kuliepuka. Mwingine akasema kuuliza swali darasani kunaepukika na kunawasumbua waliokwisha kuelewa. Tukarekebisha tena, kwa kubishana sana: kwa jambo linaloepukika na ambalo halimfai msumbuliwaji. Wakati kengele inalia, sentensi ya ubaoni ilikuwa imejaa mikato na mishale, na sina hakika kwamba mwandishi wa makala angeitambua.

Yule mvulana wa mwanzo aliandika yote kwenye daftari. Sikumuuliza kitu.

## Methali kwenye kizimba cha shahidi

Niseme kidogo kuhusu methali, maana ndizo zinazonitoa jasho ninaposahihisha.

Mwanafunzi anadai kwamba uamuzi fulani usiharakishwe. Ushahidi wake: haraka haraka haina baraka. Nukta. Aya imekwisha. Mmoja nilimwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, bila maelezo: *chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.* Alinifuata kulalamika kwamba nimemharibia insha.

Nikamwambia achague. Ama methali zote mbili ni ushahidi, na kama ni hivyo zinafutana. Ama hakuna hata moja iliyo ushahidi. Akanyamaza kidogo. "Inategemea ni jambo gani, mwalimu."

"Basi andika hilo. Tuonyeshe kwa nini jambo lako ni la haraka haraka, si la chelewa chelewa."

Tangu siku hiyo siwakatazi methali. Nawaambia tu zikae mahali pake. Methali ni kanuni ya jumla, nayo inaweza kuwa daraja zuri sana, lililovukwa na vizazi. Lakini daraja bila ushahidi upande huu halimfikishi mtu popote. Bado ni lazima uonyeshe kwamba kisa ulichonacho mkononi ni cha aina ile ambayo methali inaizungumzia. Kazi yote ya mwandishi iko hapo, na ndiyo inayorukwa, kwa sababu methali ina sauti ya mzee na hakuna anayependa kumwambia mzee athibitishe.

## Masimulizi yanayoingia akilini

Kuna udanganyifu mwingine, wenye adabu zaidi, ambao hata watu wazima hatuushtukii.

Deanna Kuhn, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwahoji watu 160, kuanzia vijana wadogo hadi watu wa miaka sitini na kitu, kuhusu maswali matatu: kwa nini wafungwa walioachiwa hurudia uhalifu, kwa nini watoto hufeli shuleni, na ukosefu wa ajira unasababishwa na nini. Matokeo aliyachapisha mwaka 1991. Nadharia watu walikuwa nazo. Shida ilianza alipowauliza: unajuaje? Wengi hawakutoa ushahidi wowote. Walirudia kusimulia, kwa undani zaidi, jinsi sababu yao inavyoweza kuleta matokeo yale.

Niliposoma hayo nilikwenda moja kwa moja kwenye rundo la insha mezani. Zilikuwa zimejaa kitu hichohicho. "Wanafunzi hufeli kwa sababu wazazi hawajali. Mzazi asiyejali haulizi kazi za shule. Mtoto asipoulizwa anacheza. Akicheza hasomi. Asiposoma anafeli." Linateremka vizuri kama maji. Kila sentensi inazaa inayofuata, mishale imo, na Beardsley angepata cha kuchora. Lakini hakuna mahali ambapo tumeambiwa kwamba ndivyo ilivyo. Tumeambiwa tu kwamba ingewezekana ikawa hivyo.

Kwa miaka nilikuwa naandika pembeni neno "Thibitisha". Wanafunzi walilijibu kwa kuongeza masimulizi. Siku hizi nauliza swali jingine: kama ungekuwa umekosea, tungeona nini?

Swali hilo mwanzoni huwaudhi. Linasikika kama mtego. Aliyeandika aya ile ya wazazi aliliangalia muda mrefu, kisha akasema tungeona watoto wa wazazi wasiojali wakifaulu. Nikamuuliza kama anawajua wa namna hiyo. Anawajua, tena mmoja ndiye anayeongoza kwa hesabu. Nikamuuliza kama anawajua wanaofeli ilhali wazazi wao wanajali. Hapo hakunijibu, akachukua insha yake akaondoka.

Iliyorudi haikuwa insha bora kwa lugha. Ilikuwa na viraka. Lakini ilisema kwamba uangalizi wa nyumbani unaweza kuwa sababu mojawapo, kwamba hauwezi kuwa yote, na kwamba ili kujua uzito wake ingebidi kulinganisha watoto wanaofanana kwa mengine yote. Mtoto huyo alikuwa amegusa, kwa maneno yake, wazo ambalo watafiti hulipwa kwa ajili yake.

## Mpinzani wa karatasi

"Wapo wanaosema kwamba simu ni nzuri darasani. Lakini hao hawajui wanachosema."

Sentensi mbili za namna hiyo huwa ndizo nafasi yote anayopewa mpinzani. Anaingia, anapigwa kofi, anatoka. Nimewahi kuuliza: hao "wapo" ni akina nani? Hakuna aliyewahi kunitajia mtu.

John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba anayejua upande wake tu, hata huo wake anaujua kidogo. Maneno hayo yamenukuliwa mpaka yamechakaa. Kinachonukuliwa mara chache ni kile anachoendelea kusema: haitoshi kuzisikia hoja za wapinzani kutoka kwa walimu wako mwenyewe, jinsi walimu wanavyozieleza na kuzijibu. Unapaswa kuzisikia kutoka kwa watu wanaoziamini kweli.

Nikiisoma sehemu hiyo najiona nimesimama ubaoni, naandika "hoja za upande wa pili" kwa mwandiko wangu mzuri.

Jibu la haraka ni mdahalo. Upande wa kuunga mkono, upande wa kupinga, mwenyekiti, mtunza muda. Nimeandaa midahalo mingi na ninaipenda kelele yake. Ila kila nilipoifuatilia mpaka kwenye daftari nilikuta kwamba waliotetea walizidi kutetea. Mdahalo unamfundisha mtoto kusikiliza ili apate pa kurushia jiwe. Msemaji akisema "hapo mwenzangu ana haki", upande wake unaguna.

Kilichonifanya nifikiri upya ni kazi nyingine ya Kuhn, aliyoifanya na Amanda Crowell na kuichapisha mwaka 2011. Walifanya kazi na wanafunzi wa shule moja huko New York kwa miaka mitatu. Kundi moja lilijadiliana kwa maandishi, kwenye kompyuta: wanafunzi wawili wenye msimamo mmoja wakiandikiana na wawili wenye msimamo tofauti, kisha wanabadilishiwa wapinzani, na baadaye wanakaa kuyatazama waliyoandikiana. Kundi la kulinganishia lilikuwa na majadiliano ya darasa zima yakiongozwa na mwalimu, na liliandika insha nyingi zaidi. Mwishoni wote waliandika insha kuhusu mada mpya. Walioizingatia zaidi hoja ya upande wa pili na kuioanisha na ya kwao walikuwa wale wa majibizano, ingawa ndio walioandika insha chache.

Naijua sauti ya mwalimu anayesoma hili akiwa na darasa kubwa na hana kompyuta. Mimi nimetumia karatasi. Wawili wawili, karatasi moja inapita kati yao na wawili wa upande wa pili, na hakuna kuzungumza. Faida ya kuandika ni kwamba sentensi ya mpinzani inabaki pale mbele yako. Huwezi kujifanya alisema kitu kingine. Na kuna sharti moja ninalolisimamia kwa ukali: kabla hujajibu, andika alichosema mwenzako mpaka yeye mwenyewe aweke alama ya vema. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, kipindi kizima kiliishia kwenye kuwekeana vema. Hakuna aliyefika kwenye kujibu.

Wale waliokuwa wanasoma makala na kuona "faida na hasara" walikuwa sasa wanang'ang'ania koma. "Sikusema *zote*, nilisema *nyingi*."

Nilitoka darasani nikiwa na furaha ya kipumbavu.

## Shaka langu

Furaha hiyo haikudumu, na ni vizuri niseme kwa nini.

David Perkins, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, na wenzake waliwapa watu mada za kubishaniwa, wakahesabu sababu ambazo kila mmoja aliweza kuzitoa kwa pande zote mbili. Wenye alama za juu katika vipimo vya akili walitoa sababu nyingi zaidi kwa upande wao. Kwa upande wa pili, akili nyingi haikuwasaidia. Kwa maneno mengine, mwerevu ni wakili bora wa kile alichokwisha kukiamini.

Basi ninapowapa watoto werevu mishale, madaraja na "isipokuwa", ninawapa nini? Nina mwanafunzi mmoja ambaye sasa anaweza kubomoa hoja yoyote kwa dakika mbili. Anatafuta daraja, analipiga, anakaa chini akitabasamu. Hoja zake mwenyewe hajawahi kuzipiga hata mara moja. Nikimwambia afanye hivyo anafanya, vizuri sana, kwa kuchagua pingamizi ambalo jibu lake analo tayari mfukoni.

Na upande wa pili kuna wale waliotishika. Wamejua kwamba kila daraja lina ufa, basi hawavuki tena. Insha zao zimejaa "inategemea" na "kila upande una hoja zake", na hapo tumezunguka tukarudi kwenye faida na hasara, safari hii kwa lugha ya kisomi. Hao nawauliza inategemea *nini*. Anayeweza kujibu ana hoja. Asiyeweza amejificha.

Kwa yule wa kwanza, wakili, dawa kamili sijaipata. Kitu kimoja kimesaidia kidogo: kubadilisha swali. Nilikuwa naandika "Andika insha ya kumshawishi msomaji kwamba...". Ukimwagiza mtu ashawishi, ataficha yanayomwumiza, na ana haki, ndivyo ulivyomwagiza. Sasa naandika: "Mwenzako anapaswa kuamua jambo hili kesho asubuhi na hana msimamo. Mwandikie." Mada ni ileile. Lakini mtu anayekusubiri uamue naye huwezi kumficha jambo ambalo kesho asubuhi litamwangukia. Hata wakili wangu alipunguza mabavu kwenye kazi hiyo. Alilalamika kwamba swali si la haki kwa sababu halimwambii yuko upande gani.

## Alama

Hivi karibuni imekuja insha kuhusu kazi za nyumbani. Aya ya kwanza inadai zifutwe, kwa sababu wenye wa kuwasaidia nyumbani huzifanya vizuri na wasio na msaada huachwa nyuma. Ya pili inaendelea vizuri. Kwenye ya tatu mwandishi anajiuliza nini kitatokea zikifutwa. Wenye msaada wataendelea kufundishwa nyumbani, kazi ziwepo zisiwepo. Wasio nao watapoteza hata kile kidogo walichokuwa wanakifanya. Pengo litapanuka. Aya ya nne inahitimisha kwamba kazi zibaki, ila ziwe za aina ambayo mtoto anaweza kuimaliza peke yake, bila mtu mzima.

Kwa mwongozo wa kusahihisha, insha hiyo inajipinga. Dai la mwanzo si dai la mwisho. Alama za mtiririko zinaondoka zote, na pointi zinazohesabika hazifiki tatu.

Nilimrudishia bila alama. Nilimwambia aanze upya kutoka mwisho: hitimisho lake likae juu, na ule msimamo wa kwanza aupe nafasi ya mpinzani. Alitaka kujua kama aandike "wapo wanaosema". Nikamwambia aandike anavyojua.

Aliandika aya nzima kueleza kwa nini mtu mwenye nia njema angetaka kazi za nyumbani zifutwe, na kwa sentensi chache za mwanzo nilidhani amerudi kuutetea msimamo huo. Ndipo ikaja hatua moja tu, ile ya wenye msaada kuendelea kufundishwa nyumbani, na hakumdharau mtu hata kwa neno moja alipoiweka. Akaongeza "isipokuwa" ambayo sikumwagiza: isipokuwa kama shule itabaki wazi jioni, hapo msimamo wa kwanza unaweza kuwa sahihi.

Kurasa mbili, hoja moja. Mwongozo unataka tatu.

Nimempa alama za juu. Nimeambatanisha na karatasi yake barua ya nusu ukurasa kwa mkuu wa idara, nikieleza dai langu, ushahidi wake, na kwa nini ushahidi huo unaruhusu kuvuka kwenda kwenye dai. Ameniambia ameisoma, na kwamba ina faida na hasara zake.